Geji Zinapokosea kwa Pamoja: Somo la Volti katika Lori la Zamani la Nungwi

Katika masomo ya Fizikia ya skuli zetu za sekondari mwanafunzi hukutana mapema na kanuni ya Ohm. Huiandika kwa herufi, huifanyia mazoezi katika daftari, na mara nyingi huiacha humo humo. Makala haya yanakusudia kuitoa kanuni hiyo katika daftari na kuipeleka mahali ilipokuwa na kazi ya kufanya, yaani nyuma ya dashibodi ya lori la zamani lililokuwa likichukua mbao kutoka mjini Unguja kwenda Nungwi. Msomaji anatakiwa awe na fununu ya mambo matatu tu: mkondo, ukinzani na volti. La tatu ndilo ambalo wengi wetu hudhani tunalijua.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mjini kwa njia ya Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni. Ni pahala penye sifa ya kuunda majahazi tangu zama za mababu, na mafundi wake bado wanaonekana pwani wakichonga mataruma na kupigilia mbao. Mjomba wangu ni mmoja wao. Nilipokwenda kumzuru miaka michache iliyopita nilimkuta jirani yake, mwenye lori, ana mashaka makubwa.

Lori lenyewe lilitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960, likiwa na injini ya dizeli na umeme wa volti 12. Bodi yake ya nyuma ilikuwa imekwisha kuundwa upya kwa mbao, kama ilivyo desturi ya magari mengi ya Unguja. Kisha dashibodi ya bati nayo ikaliwa na kutu, kwani hewa ya chumvi ya huko haina huruma na bati, na mwenye lori akamwomba seremala wa majahazi amfanyie nyingine. Seremala akachukua ubao wa mvule, akaupiga randa, akautoboa matundu ya geji na swichi, akaupaka mafuta. Ilikuwa kazi safi kweli kweli. Sijapata kuona dashibodi nzuri kuliko ile. Fundi umeme akarudisha kila chombo mahali pake na kufunga kila waya aliouona.

Tangu siku ile geji ya joto ikawa inapanda hadi kukaribia alama nyekundu kila lori lilipokwenda mwendo wa robo saa. Mwenye lori akanunua thamostati mpya. Mshale haukushuka. Akaiosha rejeta. Mshale ukabaki juu. Wakaanza kuzungumza habari ya kufungua silinda hedi, kazi ambayo gharama yake ingemlazimisha kuuza ng'ombe. Ama geji ya mafuta, hiyo haikuwa na mlalamikaji, kwa kuwa ilikuwa ikionyesha mafuta mengi, na mtu hagombani na habari njema. Iliendelea hivyo hadi usiku mmoja lori hilo lilipoombwa limchukue mtoto mgonjwa kumpeleka Hospitali ya Kivunge. Geji ilisema zaidi ya robo tangi. Injini ikazima njiani, tangi tupu. Wasomaji wanaojua injini za dizeli wanaelewa maana yake: hata mafuta yakipatikana, hewa huwa imekwisha kuingia katika mabomba, na hapana budi kuitoa kwa kupiga pampu ya mkono kabla injini haijakubali kuwaka. Mtoto aliwahishwa na gari nyingine iliyopita kwa bahati, naye akapona. Lakini dereva, mtu mzima aliyeendesha njia ile miaka mingi, hakuisahau nusu saa ile ya kusimama gizani na baba wa mtoto.

"Dokta," aliniambia, "huu mshale wa joto nimekwisha kuukatia tamaa, na huu wa mafuta umenifedhehesha. Sasa napimia ufito."

Siudharau ufito. Ni chombo cha kupimia kisicho na waya wala betri, na kina uhusiano wa moja kwa moja na kile kinachopimwa. Hata hivyo mtu hawezi kutia ufito katika injini inayokwenda ili kujua joto lake, wala hawezi kuona ndani ya tangi huku akiendesha. Tulihitaji kujua geji zile zinafanya kazi namna gani.

Katika magari mengi ya wakati ule geji ya mafuta na geji ya joto ni chombo cha aina moja. Ndani yake mna utepe mdogo uliofanywa kwa metali mbili zilizoshikanishwa ubavu kwa ubavu. Metali hizo hazitanuki sawasawa zinapopata joto. Shaba ya njano, kwa mfano, hutanuka takriban sehemu 19 kwa kila sehemu milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi, lakini invari, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na nikeli, hutanuka kiasi cha sehemu moja tu. Kwa hiyo utepe ukipashwa joto hujipinda kuelekea upande wa metali isiyotanuka. Utepe wa namna hii ulibuniwa katika karne ya 18 na John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyegeuka mtengenezaji wa saa, ili saa zake za baharini zisiharibiwe na mabadiliko ya joto. Wana wa Nungwi, ambao ni watu wa bahari, wanayo haki ya kujua kwamba chombo kilichomo katika geji ya lori kilianza kama msaada kwa manahodha. Invari yenyewe ilikuja baadaye sana. Aliyeigundua mwaka 1896, Charles Édouard Guillaume, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Juu ya utepe wa geji huzungushiwa uzi mwembamba wa waya. Mkondo ukipita katika waya huo hutoa joto, utepe hujipinda, na mshale husogea. Mkondo ukizidi, joto huzidi, na mshale hupanda. Ndiyo maana geji za aina hii ni za polepole: ukifungua swichi mshale huinuka taratibu, kama mtu anayeamka usingizini, badala ya kuruka.

Kutoka katika geji waya hukwenda hadi kwenye kihisi. Kihisi cha mafuta ni ukinzani unaobadilishwa na boya lililomo katika tangi: mafuta yakiwa mengi boya huinuka na ukinzani hupungua, yakiwa machache boya hushuka na ukinzani huongezeka. Kihisi cha joto kimefungwa katika injini, na ndani yake mna kidonge cha nusukipitishi ambacho ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Ni kinyume cha waya wa kawaida, jambo ambalo mwalimu anaweza kulifanyia kipindi kizima. Upande wa pili wa kila kihisi umeshikana na chuma cha lori, nacho hurudisha mkondo kwenye betri. Mafundi huita njia hiyo erthi, ingawa haina uhusiano wowote na udongo.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue, kwa mfano, geji yenye ukinzani wa omu 60 na kihisi cha mafuta chenye omu 90 wakati tangi limefika nusu. Jumla ni omu 150. Kama volti zinazoilisha njia hii ni 10, mkondo ni 10 kugawa kwa 150, yaani ampea 0.067. Joto linalotolewa katika geji kwa sekunde ni mraba wa mkondo mara omu 60, yaani wati 0.27.

Je, volti zikiwa 14? Mkondo unakuwa 14 kugawa kwa 150, yaani ampea 0.093, na joto linakuwa wati 0.52. Volti zimeongezeka kwa sehemu mbili katika tano, lakini joto limekaribia kuzidi mara mbili, kwa sababu joto hufuata mraba. Mshale haujui sababu ya joto hilo. Kwake yeye, mkondo wa ampea 0.093 ni ule ambao ungepita kwa volti 10 kama kihisi kingekuwa na omu 47 badala ya 90. Kwa maneno mengine, geji inaamini kwamba boya limepanda. Tangi la nusu linasomeka kama tangi linalokaribia kujaa, na tangi linalokauka linasomeka kuwa bado lina akiba.

Watengenezaji waliijua hatari hii, kwani volti za gari hazitulii. Betri yenye afya, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiwaka na altaneta au dainamo ikichaji, volti hupanda hadi 14 na zaidi kidogo. Bila ya kinga, geji ingepanda na kushuka kwa kufuata kasi ya injini. Kwa hiyo waliweka nyuma ya dashibodi kikopo kidogo cha bati, ambacho tutakiita kidhibiti volti. Vidhibiti hivi, vikiwamo vile vya kampuni ya Smiths ya Uingereza, vilienea katika magari ya Kiingereza kuanzia miaka ya 1960, na kazi yake ilikuwa kuzilisha geji kana kwamba daima zinapata volti 10.

Namna kinavyofanya kazi ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Ndani mna utepe mwingine wa metali mbili wenye ncha ya kugusana, mfano wa swichi, na umezungushiwa waya wa kuupasha moto. Swichi ikiwa imefunga, umeme wa betri hupita kwenda kwenye geji, na wakati huo huo sehemu yake hupita katika waya wa moto na kurudi kwenye erthi kwa njia ya kikopo chenyewe. Utepe hupata joto, hujipinda, na kuachanisha ncha. Umeme hukatika, kwa geji na kwa waya wa moto pia. Utepe hupoa, hunyooka, na ncha hugusana tena. Basi hivyo hivyo, kugusa na kuachana, muda wote swichi ya gari ikiwa imefunguliwa. Betri ikiwa na nguvu zaidi utepe hupata moto upesi na huachana mapema. Betri ikiwa dhaifu hukawia. Geji hazitikisiki kwa vipande hivi vya umeme kwa sababu ya uvivu wao tuliousema.

Msomaji makini amekwisha kuona mahali palipofichika hila. Kikopo kina miguu miwili ya kufungia waya: mmoja wenye herufi B, unaopokea umeme wa betri, na mwingine wenye herufi I, unaolisha geji. Erthi haina mguu wa waya. Erthi ni kikopo chenyewe, kilichokazwa kwa skrubu moja katika bati la dashibodi. Dashibodi ilipokuwa ya bati, skrubu ile ilikuwa waya. Ilipokuwa ya mvule, ikawa skrubu tu.

Tuliyajua haya baadaye. Siku ile tulianza na tunayoyaona. Walikuwapo vijana watatu wa kidato cha tatu, mmoja wao binti wa mjomba wangu, aliyeazima kipima umeme kutoka kwa kaka yake anayetengeneza simu. Niliwauliza: geji mbili, moja inapima mafuta kwa boya na nyingine inapima joto kwa kidonge. Vihisi vyao ni mbalimbali, waya zao ni mbalimbali. Zimeanza kukosea siku moja, na zote zinakosea kwa kuzidisha. Je, mna haja ya kushuku thamostati? Binti akajibu kwamba anashuku kile ambacho geji zote mbili hula pamoja. Jibu hilo lilitosha kuikinga silinda hedi isifunguliwe.

Kabla ya kupima volti tulipima joto lenyewe. Injini ikiwa baridi kabisa tulifungua kifuniko cha rejeta, tukafunga kwa uzi kipimajoto cha maabara ndani ya maji, kisha tukawasha injini. Maji yalipofika nyuzi 80 za Sentigredi hayakupanda tena, na hilo ni joto jema kwa injini. Geji wakati huo ilikuwa imeegemea alama nyekundu. Ninawaonya walimu watakaorudia jaribio hili: kifuniko cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa baridi tu. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo huweza kupita nyuzi 100 bila ya kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa hugeuka mvuke mara moja na kumbabua aliyesimama mbele yake.

Baada ya hapo tukaja kwenye volti. Binti alichungulia nyuma ya ubao, akagusa mguu B kwa ncha nyekundu ya kipima umeme na kuweka ncha nyeusi juu ya kikopo cha kidhibiti, kwa kuwa kilikuwa karibu na kilikuwa cha bati. Swichi ilikuwa imefunguliwa, injini imezimwa. Kipima kikasoma sifuri.

"Hapana umeme," alisema mwenzake.

"Utakosekanaje na geji zinapanda?" akajibu yeye.

Hapa niliwazuia wasiguse kitu, kwani nilitaka walifikirie jambo hili kabla hatujaendelea. Katika miaka yangu ya kusoma ng'ambo nilitumia vipima umeme vya thamani kubwa, na kila siku niliweka ncha nyeusi mahali mwalimu alipopatia jina la sifuri. Sikumbuki kama niliuliza hata mara moja nani aliyepaita hivyo. Volti si kitu kilichokaa katika waya kama maji katika mtungi. Volti ni tofauti baina ya nukta mbili. Kipima umeme kikisema sifuri hakisemi kwamba hapana umeme. Kinasema kwamba nukta mbili zilizoguswa ziko sawa.

Binti akahamisha ncha nyeusi hadi kwenye bolti ya chuma iliyosuguliwa, karibu na mguu wa usukani. Mguu B ukasoma volti 12.4. Kisha, kwa fikra yake mwenyewe, akaiweka ncha nyekundu juu ya kikopo, huku nyeusi ikibaki kwenye bolti. Kikopo, ambacho kilitakiwa kisome sifuri, kikasoma 12.4.

Sababu yake ndiyo kiini cha somo hili. Kikopo kilikuwa hakina njia ya kurudi kwenye betri. Kilikuwa kimeshikana na umeme kwa upande mmoja tu, kwa kupitia waya wa moto uliomo ndani. Njia isiyokamilika haina mkondo, na pasipo mkondo ukinzani haupunguzi volti hata kidogo, kama kanuni ya Ohm isemavyo: sifuri mara ukinzani wowote ni sifuri. Basi kikopo kizima kilisimama kwenye volti za betri. Na kwa kuwa waya wa moto haukupata mkondo, utepe haukupata joto, ncha hazikuachana tangu siku ile dashibodi ilipobadilishwa, na geji zilikuwa zikipokea volti zote, 12 injini ikiwa imezimwa na 14 ikiwa inakwenda. Mguu I ulithibitisha haya. Ulisoma 12.4 bila ya kutikisika, na hali mguu huo katika kidhibiti kizima haupaswi kutulia.

Dawa yake haikuhitaji duka. Tulichukua kipande cha waya wa shaba, tukakibana chini ya skrubu ya kikopo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili chini ya bolti ya chuma baada ya kuondoa rangi na kutu kwa msasa. Mahali pa kushikana tukapapaka grisi. Tusingefanya hivyo kazi yetu isingedumu, kwani shaba na chuma zikigusana penye unyevu wa chumvi hufanya betri ndogo, na katika betri hiyo chuma ndicho kinacholiwa. Erthi nyingi za magari ya pwani hufa kwa njia hiyo.

Binti akapima tena mguu I. Kwa sekunde chache za mwanzo ulisoma 12, kwa kuwa utepe ulikuwa baridi. Kisha tarakimu zikaanza kurukaruka: 12, sifuri, 7, 12, sifuri. Vijana wakadhani wameharibu. Nilifurahi kuwaambia kwamba sasa ndipo kilipopona. Kipima umeme cha tarakimu hupata taabu na umeme wa vipande vipande. Kile cha zamani cha mshale ni bora kwa kazi hii, maana unauona mshale wake ukipiga kama mapigo ya moyo, na skuli zilizo navyo kabatini zisivitupe.

Pana mtego mwingine hapa ambao vitabu vya mafundi huupita haraka. Husema kwamba kidhibiti hutoa wastani wa volti 10. Mwanafunzi akijaribu kukisia wastani huo kwa kipima umeme atapata namba ndogo zaidi, naye atakihukumu kidhibiti kuwa kibovu. Ukweli ni kwamba kinacholinganishwa ni joto, na joto hufuata mraba wa volti. Betri ikiwa na volti 12, mraba wake ni 144. Mraba wa 10 ni 100. Ili joto lilingane, swichi inatakiwa ifunge kwa sehemu 100 katika 144 za muda wote, yaani asilimia 69. Wastani wa kawaida wa volti utakuwa 12 mara 0.69, yaani 8.3. Altaneta ikipandisha volti hadi 14, muda wa kufunga unashuka hadi asilimia 51 na wastani unashuka hadi 7.1, lakini joto katika geji linabaki lile lile. Wastani wa volti unapungua volti za betri zinapoongezeka! Nimeona wanafunzi wa chuo kikuu wakilikataa jambo hili hadi walipolipima.

Kulipima si kugumu. Mwalimu achukue ukinzani wa omu 12 unaostahimili wati 20, autie katika gramu 100 za maji ndani ya kikombe cha plastiki, pamoja na kipimajoto. Kwanza aupe volti 10 za mkondo mnyoofu mfululizo kwa dakika 10. Nguvu yake ni wati 8.3, na maji yatapanda kiasi cha nyuzi 11 au 12, pungufu kidogo kwa joto linalopotea hewani. Kisha amwage maji, atie mengine ya joto lile lile la mwanzo, na safari hii atoe volti 12, mwanafunzi mmoja akifunga swichi sekunde 7 na kuifungua sekunde 3 kwa kufuata saa. Maji yatapanda karibu sawa na mwanzo. Wanafunzi waulizwe kabla ya jaribio wanatazamia nini. Watakaogawa wastani wa volti watatabiri joto pungufu.

Turudi Nungwi. Baada ya robo saa ya kwenda na kurudi hadi nje ya kijiji, geji ya joto ilitulia chini kidogo ya katikati. Geji ya mafuta ilishuka, na dereva akaitazama kwa uso wa mtu anayepokea deni. Tulitia ufito: tangi lilikuwa na kiasi cha theluthi, na geji ilisema kati ya theluthi na nusu. Tofauti hiyo iliyobaki ni ya mkono wa boya uliopindika kwa uzee, na hatukuishughulikia siku ile.

Kwa walimu na mafundi watakaotaka kufanya upimaji wa namna hii, yako mambo ya kuzingatia. Kwanza ijulikane lori ni la volti ngapi; malori mengi makubwa hutumia 24, na namba zetu hazitafaa kwao. Pili, baadhi ya magari ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana erthi ya upande chanya wa betri, na aliyezoea magari ya leo atazisoma alama kinyume. Waya unapofunguliwa au kufungwa, kwanza betri iachanishwe upande wa erthi. Mguu I usiguswe na chuma hata kwa kupepesa, kwani ncha za kidhibiti huungua. Geji isipewe volti za betri moja kwa moja bila ya kihisi katika njia yake, kwani uzi wake mwembamba huteketea. Ama katika tangi la petroli, hapo pasipimwe kitu kwa kuchezea waya penye kifuniko kilicho wazi. Cheche ndogo inatosha. Dizeli ni tulivu zaidi, lakini si desturi njema kuwafundisha vijana tofauti hiyo kwa kuijaribu.

Iwapo geji zote mbili hazipandi kabisa, mambo yamegeuka: aidha umeme haufiki mguu B, labda kwa sababu ya fyuzi, au ncha za kidhibiti zimeungua na hazigusani tena. Ikiwa geji moja tu inakosea na nyingine ni nzima, kidhibiti hakina kosa, na uchunguzi uelekee kwenye kihisi na waya wake. Waya huo ukikatika geji husoma chini kabisa. Ukigusa chuma njiani husoma juu kabisa.

Vidhibiti vya utepe vimekuwa adimu, na wengi sasa huweka mahali pake kipande cha elektroniki kiitwacho 7810, ambacho hutoa volti 10 zilizotulia bila ya kupiga mapigo. Ni badala nzuri na ya bei nafuu, mradi kikazwe juu ya bati lipoze joto lake, na mradi ijulikane kwamba huhitaji kupokea volti mbili hivi zaidi ya zile kinazotoa. Kwa betri iliyochoka, injini ikiwa imezimwa, kitatoa pungufu kidogo ya 10. Nacho kina miguu mitatu, na wa katikati ni wa erthi. Usipofungwa, volti za upande wa geji hupanda hadi kukaribia zile za betri, sawa na ilivyokuwa katika lori la Nungwi.